Ndege Wageni Waondokao Wakati wa Masika

Kila mwaka, mwezi wa Machi unapoingia, wakulima wa Kenya hutazama juu kuliko siku nyingine zote. Hutafuta mawingu. Majembe yamekwisha nolewa, mbegu zimechaguliwa, na lililobaki ni mvua ya masika. Lakini mtu atazamaye mbingu kwa makini huona na jambo jingine. Juu ya waya za umeme kando ya barabara, mbayuwayu wamekaa safu moja, bega kwa bega, mamia kwa mamia, kama abiria wangojao garimoshi. Juu zaidi, korongo weupe huzunguka polepole bila kupiga mbawa, wakipanda duara baada ya duara hata wakawa wadogo kama chembe za vumbi. Halafu mvua hunyesha, majuma machache hupita, na mtu akitazama tena, waya ni tupu na mbingu ni tupu.

Ndege hao wamekwenda wapi? Swali hilo huulizwa Kenya, na huko waendako huulizwa swali la pili: Wametoka wapi? Jawabu la maswali hayo mawili ni habari moja, nayo yafaa ijulikane na kila mtu, maana ndani yake mna faida ya shamba, na tena mna hatari ambayo mwenyeji aweza kuizuia.

MAJIRA MAWILI, SAFARI MOJA

Nchi ya Kenya imepitiwa na Ikweta. Kwa sababu hiyo mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima, na watu hugawanya mwaka kwa mvua na kiangazi. Ulaya na kaskazini ya Asia sivyo. Huko mwaka hugawanywa kwa baridi na joto. Miezi ya Desemba na Januari mchana huwa mfupi, ardhi katika nchi nyingi hufunikwa na theluji, maji ya maziwa huganda, na wadudu hawaonekani. Ndege alaye wadudu akibaki huko hufa, tena si kwa baridi tu, bali kwa njaa. Basi kuanzia Agosti hata Oktoba ndege hao huhama makundi kwa makundi, wakaja Afrika.

Mwezi wa Machi na Aprili mambo hugeuka. Theluji huyeyuka, miti iliyokuwa mitupu huchipua majani, na wadudu hutoka kwa wingi. Mchana huzidi kurefuka. Mwezi wa Juni, katika Uingereza, mchana hupita saa kumi na sita, na kaskazini kabisa ya dunia jua halizami kwa majuma mengi. Ndege mwenye makinda manne au matano yaliyofumbua midomo huhitaji saa nyingi za kutafuta chakula, naye huzipata huko kuliko hapa. Tena huko hana haja ya kugombania mahali pa kujenga na ndege wenyeji wa Afrika, ambao ni wengi: Kenya peke yake ina zaidi ya aina 1,000 za ndege. Hiyo ndiyo sababu ya kurudi.

Kwa hiyo ndege yule yule ambaye mtu wa Nakuru humwona akiondoka masika yakianza, mtu wa Ulaya humwona akifika, na humhesabu kuwa mjumbe wa majira ya kuchipua kwa majani. Watu wa pwani hawatalistaajabia jambo hili. Hapo zamani majahazi ya Waarabu yalifika Lamu na Mombasa kwa upepo wa kaskazi, yakakaa miezi kadha, na kusi lilipoanza, karibu na Aprili, nahodha alitweka tanga akarudi kwao. Ndege hawa wana desturi kama ile.

NAMNA YA KUWATAMBUA

Wageni hao ni wa aina nyingi, na mtu hawezi kuwajua wote kwa siku moja. Hata hivyo, watano wanaofuata waweza kutambuliwa na mtu yeyote mwenye macho na saburi, bila chombo cho chote.

Wa kwanza ni mbayuwayu wa Ulaya. Mgongo wake ni wa buluu nyeusi ing'aayo, paji la uso na koo ni rangi ya udongo mwekundu, kifuani ana ukanda mweusi, na mkia wake umegawanyika kama panda. Uzito wake ni kama gramu 20, yaani sawa na barua moja nyepesi ya posta. Yapasa asichanganywe na mbayuwayu wenyeji, ambao hujenga viota vya udongo chini ya madaraja na mapaa ya nyumba hapa hapa. Mgeni huyu hajengi kiota Kenya kamwe. Usiku hulala katika matete na mafunjo, na kiota chake ki mbali sana, katika zizi la ng'ombe la mkulima wa Ulaya au Asia.

Wa pili ni korongo mweupe. Mwili ni mweupe, nusu ya nyuma ya mbawa ni nyeusi, mdomo na miguu ni mirefu na myekundu. Huonekana katika mbuga na mashamba ya ngano, kama vile upande wa Narok na Laikipia, akitembea taratibu kama mkaguzi wa shamba. Ndege huyu ni mzito, naye husafiri kwa kubebwa na hewa ya moto ipandayo kutoka ardhini. Hewa hiyo haipandi vizuri juu ya bahari, kwa hiyo korongo huogopa kuvuka maji mapana. Wale wapitao Kenya hufuata bonde la Nili, hupita Misri na rasi ya Sinai, huingia Uturuki, kisha huenda kujenga juu ya mapaa na nguzo katika nchi za Ulaya ya mashariki na ya kati, kama Poland.

Wa tatu wachungaji wamjua sana, hata kama hawajapata kuuliza habari zake. Ni ndege mdogo mwembamba mwenye tumbo la manjano, afuataye miguu ya ng'ombe malishoni, akitikisa mkia wake bila kupumzika na kudaka nzi na panzi wanaorushwa na kwato. Mwezi wa Machi madume hubadilika rangi, wakawa wa manjano yenye kung'aa kama ua la alizeti. Hayo ndiyo mavazi ya arusi. Arusi yenyewe itafanyika kaskazini. Aprili ikiisha, ng'ombe hubaki peke yao.

Wa nne ni kozi wa Amur, mdogo kuliko njiwa. Dume ni wa rangi ya kijivu iliyokoza, miguu yake ni myekundu, na manyoya ya mapaja yana wekundu wa kutu. Jina lake ni la mto mkubwa ulio mpakani mwa Urusi na China, maana huko ndiko azaliako. Huonekana akipita kwa makundi kuelekea kaskazini mwezi wa Aprili, hasa pale mvua inapowatoa kumbikumbi katika vichuguu. Watoto hukimbilia kumbikumbi kwa makopo na mabeseni, na kozi huwadaka kwa makucha hewani.

Wa tano ni vitwitwi wa pwani, ndege wadogo wakimbiao juu ya matope maji yanapokupwa. Katika hori ya Mida karibu na Watamu, na mlangoni mwa mto Sabaki kaskazini ya Malindi, maelfu yao hukaa tangu Agosti. Rangi yao ni ya kijivu tu, isiyovuta macho. Lakini mwezi wa Aprili aina moja yao, yenye mdomo mrefu uliopinda kidogo, hugeuka kifua na uso vikawa vyekundu kama matofali. Mtu aliyewaona Januari akirudi Aprili atadhani kuwa ni ndege wengine. Hao huenda kutaga katika nyanda za baridi za kaskazini ya Siberia, pwani ya bahari ya barafu.

SIRI ILIYOFUMBULIWA

Yasidhaniwe kwamba watu wa Ulaya walijua habari hizi tangu mwanzo. Kwa muda wa mamia ya miaka wataalamu wao waliamini kuwa mbayuwayu hulala ndani ya matope ya maziwa wakati wa baridi, kama vyura. Katika karne ya 17 Mwingereza mmoja, Charles Morton, aliandika kuwa ndege huhamia mwezini. Wazee wa Afrika waliosema kuwa ndege hao "wana kwao kwingine" walikuwa karibu zaidi na kweli.

Mwaka 1822, katika kijiji cha Klütz nchini Ujerumani, aliuawa korongo mweupe aliyekuwa na kitu cha ajabu: mkuki wa Kiafrika umepenya shingoni mwake. Alikuwa amechomwa katika Afrika, naye akaruka nao hata Ulaya. Mwili wake ulihifadhiwa, na mpaka leo huonyeshwa katika chuo kikuu cha Rostock. Hapo watu walipata ushahidi wa kushikika kwa mkono.

Baadaye ikaja njia iliyo bora kuliko mkuki. Ndege hukamatwa kwa wavu, akavikwa mguuni pete nyepesi ya madini yenye nambari na anwani, kisha akaachwa huru. Mwezi wa Mei 1911 mbayuwayu mmoja alivikwa pete katika wilaya ya Staffordshire, Uingereza. Mwezi wa Desemba 1912 ndege huyo alipatikana katika shamba huko Natal, Afrika ya Kusini. Umbali wa safari hiyo ni kama maili 6,000.

Kenya nayo ina mahali pajulikanapo duniani kote kwa kazi hii. Ni Ngulia, katika mbuga ya Tsavo Magharibi. Hoteli ilipojengwa huko juu ya mlima mwaka 1969, ilionekana kwamba usiku wa Novemba na Desemba, wakati wa giza na ukungu, ndege wengi wasafirio kusini huvutwa na mwanga wa taa. Tangu mwaka huo watafiti hukusanyika huko kila mwaka, wakawakamata kwa nyavu, wakawapima, wakawavika pete, wakawaachilia. Wengi wao ni ndege wadogo wa vichakani ambao mtu asingaliwaona mchana. Hesabu ya waliovikwa pete imefika mamia ya maelfu, na pete za Ngulia zimepatikana hata Urusi na nchi za Uarabuni.

Ndege hao wadogo husafiri usiku na kula mchana. Kabla ya kuondoka hula sana, na wengine huongeza uzito karibu mara mbili. Mafuta hayo ndiyo petroli yao. Mahali pa kuyapata ni vichaka, mabwawa na mashamba ya hapa, wakati mvua za kwanza zinapowatoa wadudu. Ndege akikosa chakula Kenya mwezi wa Machi, huenda asifike kwao Mei.

FAIDA KWA MWENYE SHAMBA

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Methali hii ni kweli kwa ndege hawa. Wote watano waliotajwa juu hawali mahindi wala mtama. Chakula chao ni panzi, viwavi, nzi, kumbikumbi, na wadudu wa matopeni. Korongo mweupe hupenda sana nzige na viwavijeshi. Huko Afrika ya Kusini Makaburu humwita kwa jina lenye maana ya "ndege mkubwa wa nzige". Viwavijeshi wanapotokea baada ya mvua na kuanza kuteketeza majani, korongo hujipanga wakatembea katika uwanja mzima wakidonoa kushoto na kulia.

Haisemwi kwamba ndege peke yao waweza kumaliza nzige. Mwishoni mwa 2019 na mwaka 2020 makundi makubwa ya nzige yaliingia Kenya, na hapana ndege wa kutosha kuyala yote. Walakini kati ya pigo kubwa na pigo kubwa ipo miaka mingi ya madhara madogo madogo, na katika miaka hiyo ndege ni walinzi wasiodai mshahara. Mwenye shamba afukuzaye korongo kwa kudhani kuwa anakula mbegu, humfukuza mlinzi wake.

HATARI INAYOWANGOJA

Safari yenyewe ina hatari za kutosha: jangwa, tufani, na njaa. Lakini hatari kubwa kuliko hizo hutoka katika mikono ya watu, nayo ni sumu.

Karibu na mwaka 2010 watafiti walishuhudia katika mashamba ya mpunga ya Bunyala, magharibi ya Kenya, kwamba watu fulani walitia sumu kali ya wadudu iitwayo karbofurani katika konokono na samaki, wakatega ndege kwa chambo hicho. Korongo na ndege wengi wa majini walikufa, wageni kwa wenyeji, na nyama yao iliuzwa kwa kuliwa. Yapasa kila mtu afahamu kuwa sumu iliyomwua ndege haifi pamoja naye. Hukaa katika nyama, na mwenye kuila hujitia hatarini yeye na watoto wake.

Kadhalika wafugaji wengine, wakiwa na uchungu wa kuliwa ng'ombe na simba au fisi, hutia sumu katika mzoga. Huenda fisi akafa, lakini wale wanaotua kwanza ni tumbusi na tai. Miongoni mwao yumo tai wa nyika za Asia, mgeni mwingine ajaye Kenya wakati wa baridi ya kwao. Ndege huyo alikuwa mwingi zamani. Tangu mwaka 2015 amehesabiwa ulimwenguni kuwa miongoni mwa ndege walio katika hatari ya kutoweka. Na tumbusi wakiisha, mizoga huoza malishoni, na maradhi huzidi.

Je, desturi mbaya yaweza kuachwa? Yaweza. Mwaka 2012 ilijulikana kuwa katika jimbo la Nagaland, huko Bara Hindi, wanakijiji walikuwa wakiwanasa kozi wa Amur kwa nyavu, maelfu kwa maelfu, ndege wale wale wapitao Kenya. Watu hao hawakuwa waovu; walikuwa maskini waliopata nyama ya kuuza. Wazee wa vijiji, makanisa na serikali wakaketi pamoja wakashauriana, na mwaka uliofuata, 2013, hakunaswa hata mmoja. Mwezi wa Novemba mwaka huo baadhi ya kozi walifungwa mgongoni vyombo vidogo vya kupeleka ishara kwa setilaiti. Wakaonekana wakivuka Bahari ya Hindi mpaka Somalia, kisha wakashuka kupita Afrika ya Mashariki mpaka kusini ya Afrika. Ndege aliyesamehewa na mtu wa Nagaland alikuja kula kumbikumbi wa Afrika. Haifai auawe na sumu ya hapa.

FAIDA YA KUANDIKA TAREHE

Mwaka 1736 mwenye shamba mmoja wa Norfolk, Uingereza, jina lake Robert Marsham, alianza kuandika katika daftari siku alipomwona mbayuwayu wa kwanza, siku mti fulani ulipochipua, na siku chura wa kwanza alipolia. Alipokufa, watu wa ukoo wake waliendelea mpaka mwaka 1958. Wakati ule huenda jirani zake walimcheka. Leo madaftari yale ni hazina, maana wataalamu huyatumia kujua jinsi majira yanavyobadilika kwa kuzidi kwa joto la dunia.

Kazi kama hiyo haihitaji mali. Mwalimu wa shule, mchungaji wa ng'ombe, mvuvi wa Malindi, au karani wa Nairobi apitaye njia ile ile kila asubuhi, wote waweza kuifanya. Yaandikwe mambo manne tu: tarehe, mahali, aina ya ndege, na hesabu yao. Iandikwe pia siku ya mwisho walipoonekana mwezi wa Aprili au Mei, na siku ya kwanza waliporudi baada ya Agosti, pamoja na siku mvua ya kwanza iliponyesha. Mtu asiyejua jina la ndege aandike rangi yake na alichokuwa akifanya. Asitie jina la kubahatisha, maana daftari la uongo ni baya kuliko kukosa daftari.

Tena, aokotaye ndege mwenye pete aliyekufa aandike nambari na maneno yote yaliyo juu ya pete, siku na mahali, akapeleke habari katika Makumbusho ya Taifa mjini Nairobi. Ikiwa ndege yu hai, asome nambari na kumwachilia. Tangu mwaka 2013 upo pia mpango uitwao Kenya Bird Map, wa kukusanya habari za ndege wa kila sehemu ya nchi kutoka kwa watu wa kawaida, ili ijulikane ni wapi wamezidi na ni wapi wamepungua.

Haba na haba hujaza kibaba. Daftari moja la mwaka mmoja halisemi mengi, lakini la miaka kumi husema yale ambayo kumbukumbu ya mtu haiwezi. Likionyesha kuwa korongo waliokuwa mia sasa ni kumi, mwenye shamba atajua kuuliza sababu mapema, kabla viwavi havijamjibu.

MASWALI YA KUJIFUNZIA

1. Kwa nini mbayuwayu wa Ulaya hajengi kiota Kenya, hali chakula kipo?

2. Korongo mweupe huzunguka njia ndefu kupita Misri na Uturuki. Anaogopa nini?

3. Mtu ametia sumu katika mzoga ili amwue fisi. Taja hasara nne zitakazompata yeye na jirani zake.

4. Katika kijiji chako, ni ndege gani huonekana vuli na kutoweka masika? Uliza wazee wawili, kisha linganisha majibu yao na yale utakayoyaona mwenyewe mwaka huu.